Achari ya Bi Semeni

Ndoo mbili za achari zilirudi Makorora na bajaji ileile iliyozipeleka, vifuniko havijafunguliwa. Semeni alikuwa uani akigeuza vipande vya embe kwenye ungo ili jua liviingie upande wa pili, akadhani dereva kasahau kitu. Dereva alizishusha barazani, akajifuta jasho, akasema kwa aibu kama mwenye kosa:

"Meneja wa hoteli kasema hawapokei tena vitu visivyo na lebo. Wamepata kampuni inayowaletea kwenye chupa, na bei yao iko chini kuliko yenu."

"Hata kuonja hakuonja?" Mboni, mke mwenzake Semeni, aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuonja, mama."

Mboni alitoka na mwiko mkononi, akazitazama zile ndoo kama anayetazama mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Hoteli ile ndiyo iliyokuwa imebaki. Migahawa ya mjini Tanga, barabara ya kwanza hadi ya mwisho, ilikuwa imekwisha kuwaacha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na udhuru wake, na sasa hata huyu meneja aliyekuwa akiwapigia simu mwenyewe kuuliza mzigo uko wapi.

Wanawake hawa wawili waliachwa na mume mmoja, marehemu Mwinyijuma, aliyekuwa kuli bandarini. Alipofariki, mtaa mzima ulisubiri matanga yaanuliwe uone nyumba ikigawanyika, na mtaa ulichoka kusubiri. Mboni, mkubwa, hakujaliwa mtoto. Semeni alikuwa na mmoja tu, Masoud, na walimlea pamoja hata wapangaji wageni walikuwa hawajui katoka tumbo la nani. Achari ilikuwa ya Mboni. Alikuwa akiiuza tangu Semeni hajaingia nyumba ile, na ni yeye aliyemfundisha Semeni kuichanganya haradali, uwatu na siki bila kumficha kitu, jambo ambalo wake wenza wengi wasingelifanya.

Jioni ile walikula ugali na achari. Masoud, aliyekuwa amemaliza chuo cha biashara na kuzunguka na vyeti vyake hadi bahasha ikachanika, aliisukuma sahani yake kando.

"Mama Mkubwa," alimwambia Mboni, "tatizo si achari. Tatizo ni kwamba hatuna mpango."

"Mpango gani tena, mwanangu? Embe zipo, pilipili ipo, mikono ipo."

"Mpango wa soko. Wa kujua tunamuuzia nani."

Mboni akacheka. "Tunamuuzia mwenye njaa!"

*

Pale Usagara palikuwa na shirika lililokuwa likiwafundisha wajasiriamali wadogo, na mwalimu wao alikuwa Bi Imakulata, mwanamke wa Lushoto mwenye sauti ya upole na subira ya ajabu. Masoud alijiandikisha. Kila aliporudi alikuwa na jambo jipya, na aliwasimulia mama zake wakiwa wanakata embe, naye akikata pia.

Alitumwa akawaulize wateja. Alikwenda sokoni, akaenda kituo cha mabasi, akasimama kwenye milango ya maduka akiuliza watu kama karani wa sensa. Akarudi macho yanamng'aa.

"Tulikuwa tunajidanganya," alisema. "Sisi tunadhani mteja wetu ni jirani na mgahawa. Kumbe anayeilipia achari yetu bila kunung'unika ni msafiri. Mtu anayekwenda Dar, anayekwenda Arusha, anataka kubeba kitu cha Tanga awapelekee watu wake. Lakini nani atapanda basi na achari kwenye mfuko wa nailoni? Inamwagika kwenye nguo!"

"Hilo kweli," alisema Semeni. "Mimi mwenyewe iliwahi kuniharibia gauni la harusi ya Mombo."

"Basi tusishindane na kampuni kwa bei. Hatuwawezi. Tutie kwenye chupa ndogo, nzuri, yenye jina. Tuiuze kama zawadi."

Mboni aliacha kisu, akamtazama kijana kwa furaha iliyomjaa usoni. "Nilisema mimi huyu mtoto ana akili. Nilisema tangu hajajua kufunga vifungo vya shati."

Masoud akamuuliza Mboni bei huwa anaipangaje, ili aandike. "Namtazama mtu usoni," Mboni akajibu, wote wakaangua kicheko, hata Masoud, ambaye hakujua aandike nini. Zilikuwa siku njema zile. Semeni alizikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka siku za mwisho za afya yake.

Mafunzo yangemalizika kwa mashindano: waliokuwa na mipango mizuri wangeieleza mbele ya waamuzi, na atakayeshinda angepewa chupa, mashine ya kuziba vifuniko, msaada wa kupata alama ya ubora, na nafasi kwenye maduka makubwa ya mikoa mitatu. Masoud alianza kukosa usingizi. Siku moja alimwita mama yake chumbani kwake, akarudishia mlango.

"Mama, Bi Imakulata kausoma mpango. Kaupenda sana. Ila kasema hadithi yetu ni ndefu."

"Hadithi gani?"

"Ya nyumba. Kasema mteja haoni achari tu pale dukani, anaona mtu. Sura moja, jina moja. Mambo ya mke mkubwa na mke mdogo yatawachanganya watu. Na waamuzi wanapenda mjane aliyehangaika na mtoto wake." Alitazama mlango. "Mimi ni mtoto wako, Mama. Kwa hiyo inakuwa 'Achari ya Bi Semeni'."

Semeni alisikia shingo inamuwasha. "Na Mama Mkubwa wako?"

"Hapotei. Ni karatasini tu. Tukishapata, kila kitu chetu sote kama kawaida."

"Utamweleza?"

"Nitamweleza."

Alikuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yamemuingia, na Semeni alijua kuwa wenzake aliosoma nao walishajenga, walishaoa, na kwamba siku hizi anapita njia ya nyuma ili asikutane nao. Akamshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Hakumuuliza tena kama amemweleza Mboni. Kila siku alidhani leo atamweleza, na kila siku alishukuru kidogo kwamba yeye si wa kusema.

*

Siku ya waamuzi Mboni aliamka kabla yao wote. Alivaa baibui lake la kuwekea, lile la Idi, akajifukiza udi, akabeba kikapu cha chupa za kuonjesha mapajani njia nzima ili zisigongane. Ukumbini alikaa mstari wa mbele, bega kwa bega na Semeni, na kila aliyewapita alimwambia: "Yule kijana mwenye shati la bluu ni mwanetu."

Masoud alisimama. Shati na suruali vilikuwa vya kuazima, na mikono ya shati ilikuwa mifupi kidogo. Ukutani ikatokea picha kubwa ya Semeni akiwa ameshika chupa, ushungi wa hariri, anatabasamu. Watu wakasema, "Aa, mashallah." Mboni naye akasema mashallah.

"Huyu ni mama yangu," Masoud alianza. "Baba yangu alipofariki, mama alibaki peke yake na sufuria moja na mtoto mmoja. Akaanza kupika achari."

Mboni akageuza uso akamtazama Semeni. Alikuwa bado na tabasamu, la mtu anayesubiri mzaha ufike mwisho acheke vizuri. Semeni alitazama mbele.

Masoud aliendelea, na kwa kweli alisema vizuri. Alieleza msafiri na zawadi yake, akaeleza chupa, akaeleza bei na kwa nini si ya chini, akaeleza wataanzia kituo cha mabasi, kisha hoteli, kisha Moshi na Arusha. Waamuzi walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Halafu akafika kwenye gharama za uzalishaji, akasoma harakaharaka bila kuinua macho: "Wafanyakazi. Msimamizi mmoja, ambaye ni mama. Kibarua mmoja wa kutwa, kwa posho ya siku."

Tabasamu la Mboni lilikufa polepole. Mikono yake, iliyokuwa juu ya kikapu, iliingia ndani ya baibui.

Mmoja wa waamuzi, mwanamume mwenye miwani aliyetoka Dar, aliiweka kalamu chini. "Hongera, kijana. Bi Semeni mwenyewe si ndiye huyu hapa? Karibu, mama, simama tukuone." Semeni akasimama. "Na huyu mama uliyekaa naye ni nani?"

Lilikuwa swali la kawaida, la mtu anayetaka kuchangamsha watu. Semeni alimtazama Masoud. Mwanawe alikuwa amesimama pale mbele, jasho linamtiririka masikioni, macho yamemtoka, na Semeni aliona kwamba neno moja kutoka kinywani mwake litamfanya kijana yule kuwa mwongo mbele ya ukumbi mzima. Chini yake, ubavuni, alihisi joto la bega la Mboni.

"Ananisaidia," alisema. "Ananisaidia kazi."

"Vizuri sana. Unatoa na ajira! Hilo ndilo tunalolitaka."

Watu wakapiga makofi. Mboni naye alipiga makofi, taratibu, mpaka wenzake wote walipoacha.

*

Walishinda. Majirani walikuja kupongeza, wakaletewa soda, na Mboni ndiye aliyezipitisha kwenye sinia. Masoud alimfuata jikoni wageni walipoondoka, akapiga magoti kwenye sakafu.

"Mama Mkubwa, nisamehe. Nilitaka kukueleza, nikashindwa. Ni karatasi tu ile."

"Inuka, utachafua suruali ya watu." Akamfuta mavumbi. "Wewe nimekulea mgongoni. Mtoto akikupiga teke akiwa mgongoni, unamtua chini? Kalale."

Semeni alisikiliza akiwa mlangoni. Alisubiri zamu yake ya kuambiwa kitu, hata tusi. Mboni alimpita na kusema, "Kesho embe zinaingia mapema."

Chupa zikaja, na mashine, na mzigo wa kwanza wa kupeleka Moshi. Mboni alifanya kazi kama siku zote. Alikata, akatia chumvi, akaanika, akasaga pilipili hadi macho yakavimba. Aliongea yanayohusu kazi. Usiku alikwenda chumbani kwake mapema, na yale mazungumzo yao ya kabla ya kulala, ambayo Semeni aliyazoea tangu mume yu hai, yakakatika. Semeni alijaribu mara kadhaa. "Dada, siku ile..." angeanza, na Mboni angesema, "Nisogezee siki."

Mzigo ulipokwisha kufungwa na gari kuondoka nao, Mboni alioga, akavaa, akatoka na begi dogo. Akasimama mbele ya Semeni aliyekuwa ameketi kwenye kibao, akanyoosha mkono.

"Nipe posho yangu."

Semeni hakuelewa. "Posho gani, dada?"

"Ya kutwa. Mpango wenu umeniandikia. Na leo nimefanya kazi kutwa nzima, mwenyewe umeniona."

"Dada Mboni, kwa haki ya Mungu usinifanyie hivi. Chukua zote. Kabati si unajua lilipo?"

"Sitaki zote. Nataka iliyosomwa."

Mkono ulibaki hewani, umejaa makovu ya kisu na rangi ya manjano ya bizari isiyotoka tena kwenye kucha. Semeni alifungua fundo la kanga, akatoa noti, akaziweka juu ya kile kiganja. Maishani mwake hajafanya jambo lililomuuma kama lile. Mboni alizikunja.

"Zinanifikisha kijijini Moa kwa ndugu yangu," alisema. "Kwaheri. Mwanetu akirudi mwambie nimekwenda kusalimia."

*

Biashara ilikua. Huo ndio ukweli, na haifai kuuficha. Mpango wa Masoud ulikuwa mzuri, na yote aliyoyatabiri yalitokea kama alivyoyatabiri. Wasafiri walinunua chupa kituoni, hoteli ileile iliyorudisha ndoo ilituma mtu kuulizia, na dukani Arusha uso wa Semeni ulipangwa rafuni, sura baada ya sura, zote zinatabasamu. Waliajiri wasichana wa kukata embe. Wasichana walimwamkia kila asubuhi kwa adabu, wakanyamaza alipoingia jikoni, wakaanza tena kucheka alipotoka. Achari ilikuwa nzuri. Mikono ya Semeni ilifundishwa na aliyejua, na haikusahau.

Lakini hapakuwa na wa kumwambia. Alipofikiwa na jambo la kuchekesha, aligeuka kushoto kwake, kulikokuwa na kibao cha mwenzake, akakuta msichana anamwambia, "Naam, bosi?" Masoud alituma pesa Moa kwa simu, zikarudi. Akatuma tena, zikarudi. Akakifagia chumba cha Mama Mkubwa wake, akakipaka chokaa, akanunua godoro jipya, akaacha limevikwa nailoni yake.

"Nenda wewe, Mama," alisema. "Mimi nilikwenda, akanipikia, akanicheka, akanirudisha. Si mimi anayemsubiri."

*

Semeni alimkuta Mboni huko Moa nyuma ya nyumba ya kaka yake, anapalilia mihogo. Mboni alipomwona alitupa jembe, akaja mikono imetandazwa, akamkumbatia, akampokea mkoba. "Karibu, karibu! Jamani, tumepata mgeni!" aliwaita watoto wa kaka yake. "Mleteeni mkeka mpya. Mleteeni maji."

Walimtandikia mkeka barazani, mkeka ambao haujakanyagwa. Wakamletea maji kwenye glasi juu ya kisahani. Mboni alimuuliza habari za Makorora, za majirani, za fulani na binti wa fulani, akizisikiliza zote kwa uso mkunjufu. Kisha akaingia jikoni. Semeni, kwa mazoea ya miaka yote ile, akavua viatu akamfuata, akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akachukua kifuu.

Mboni akakitoa mkononi mwake kwa upole. "La, la. Mgeni hakuni nazi kwangu. Rudi ukapumzike barazani, utaungua na moshi."

"Dada, mimi mgeni?"

"Umetoka mbali."

Aliletewa wali, samaki wa kupaka na mchuzi, peke yake, kwenye sinia iliyofunikwa kawa. Watoto walifukuzwa wasimsumbue. Semeni aliutazama ule ukarimu wote, akashindwa kupeleka tonge mdomoni. Mboni alipokuja kumnawisha, alimkamata mkono, birika likayumba.

"Nisamehe, dada Mboni."

"Nimekusamehe tangu siku ileile, palepale ukumbini. Mungu ni shahidi yangu."

"Basi turudi nyumbani. Masoud atabadilisha lebo. Jina lako litakuwa la kwanza. Nusu ya kila kitu iandikwe yako, kwa wakili kabisa."

Mboni aliweka birika chini. Akakaa, akavuta kanga magotini.

"Kusamehe nimesamehe. Kurudi ni jingine," alisema. "Mdogo wangu, unadhani nililia karatasi? Mimi kusoma sijui. Waandike wanavyotaka, mtoto apate riziki yake, ningesema nini? Aliposoma vile, nikasema moyoni, mpumbavu huyu mtoto, nitamfinya nyumbani. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Alipouliza yule bwana, nikasema, sasa Semeni atasema mimi ni nani. Hata ungesema jirani. Hata ungenyamaza." Alitikisa kichwa polepole. "Nikirudi, kila atakayeingia mlangoni nitakuwa nakutazama mdomoni. Na wewe utakuwa unajua nakutazama. Hatutapikika chungu kimoja hivyo."

Semeni alilia bila sauti, kama wanavyolia watu wazima kwenye nyumba za wenzao. Mboni alimwacha alie, akimpepea nzi kwenye sinia. Alipomaliza, alimnawisha.

Alasiri alimsindikiza hadi barabarani, akamtafutia bodaboda, akapatana nauli ili asidhulumiwe, akamfungia mkoba vizuri nyuma. Alikuwa amemtilia mihogo. Walishikana mikono.

"Nisalimie mwanetu. Mwambie ale, asikonde. Na wewe karibu tena, Semeni. Usipotee."

Akasimama pale mpaka pikipiki ikaanza kwenda, kama inavyompasa mwenye adabu, kisha akarudi shambani.

Magharibi ilikuwa inaadhiniwa Semeni alipofika Makorora. Masoud alisikia bajaji, akatoka mbio miguu mitupu, akampokea mama yake mkoba, akautua. Halafu akachungulia ndani ya bajaji. Bajaji ikageuza, ikaondoka. Yeye bado alikuwa anatazama njia, huku na huku, mkono mmoja ameshikilia mlango wa uani wazi.

"Funga mlango, baba," alisema Semeni. "Ni mimi tu."